Timu Iliyokosa wa Kucheza Naye

Hapa Dodoma timu ya mtaa ikikosa mechi ya Jumamosi haipati tabu. Vijana wa Nkuhungu watawatumia salamu wenzao wa Chang'ombe, na jua likianza kupoa vumbi limeshatimka. Ndiyo maana habari za Ice Lions wa Nairobi zimenikaa rohoni. Ni timu ya hoki ya barafu iliyoanza 2016, na hadi 2018 ilikuwa haijakutana na timu nyingine yoyote.

Uwanja wao, uliofunguliwa 2005, umo ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na ni mdogo kuliko ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Wageni wa Kanada na Marekani walianza kuchezea hapo, wakajiunga vijana wa Nairobi waliozoea viatu vya magurudumu. Mkanada Tim Colby akawa kocha.

Nahodha Benard Azegere amewahi kueleza kwamba walipocheza nyumbani mara nyingi walijifanya Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Watu wazima hao! Walijigawa pande mbili, aliye mwenzako leo kesho anakukaba, na majina ya mbali yakawapa mashindano ambayo ratiba haikuwapa. Naona hapo mapenzi ya mchezo yasiyosubiri kombe wala mashabiki.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada wachezaji 12. Wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafunguliwa: Crosby na MacKinnon wenyewe wakaingia, wamevaa jezi za Ice Lions. Wakacheza pamoja dhidi ya timu ya wazimamoto. Azegere alisema hakuamini kwamba wametoka kuwaigiza watu hao hadi kuwa wenzao uwanjani.

Baadaye korona ikawanyima barafu kwa muda mrefu. Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Ni heshima waliyoitolea jasho, lakini uanachama haugandishi maji. Nani atajenga uwanja wenye vipimo kamili, na kwa fedha za nani? Na vijana wa Kampala au Dar es Salaam wakitaka kuwa wapinzani wao, barafu ya kujifunzia wataipata wapi?