Kwa nini kesi ya kipigo hupelekwa kwanza kwa mchungaji

Hapa Marekani, dada zetu wengi kutoka Tanzania wakipigwa na waume zao humpigia simu mchungaji kabla ya polisi. Wenyeji hudhani ni woga. Woga upo, lakini mazoea haya yana mizizi kwenye Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Sheria hiyo inataka mgogoro ufike kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa ndipo mahakama ipokee shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu. Jumuiya ya dini inaweza kuwa na baraza lake, waziri akiliidhinisha. Baraza likishindwa kupatanisha, linatoa hati ya kwenda mahakamani. Ndivyo wazee wa kanisa walivyopata kiti cha kisheria katika ndoa zetu.

Kusuluhisha kunafaa watu wakigombania fedha au wakwe. Kwenye kipigo kunaumiza. Mke anaketishwa kando ya mume aliyempiga, anaulizwa mbele yake, “Wewe ulimkosea nini?”, kisha wanaombewa na kurudi wote nyumba ileile. Atasema nini huyo?

Wakati huohuo kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumwadhibu mwenzi kwa kumpiga, hata mila ikiruhusu. Baraza ni la njia ya talaka. Kipigo ni jinai. Kule Tanzania aliyepigwa ana haki ya kwenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe.

Makanisa yanaweza kufanya vizuri zaidi, na mfano upo Afrika Kusini. Kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg kilianzisha Kampeni ya Tamari kwa kuwasomesha waumini 2 Samweli 13, sura inayorukwa mimbarini: Tamari anabakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba, kaka yake Absalomu anamwambia anyamaze, mfalme Daudi anakasirika, hamchukulii Amnoni hatua. Wanawake wakiisoma pamoja, huanza kusimulia ya kwao.

Huku ugenini mchungaji hana baraza la kisheria, ila bado ndiye anayepigiwa usiku. Basi awe nayo namba ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, 1-800-799-7233, inayopokelewa saa 24, tena kwa msaada wa wakalimani. Ajue pia kwamba tangu sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mke anayeteswa na mume mwenye uraia au ukaazi wa kudumu anaweza kujiombea makaratasi mwenyewe, bila mume kujulishwa.