Mlimani na Milimani

Msafiri aliyetoka Mombo, akapanda barabara ile ya kona nyingi kupitia Soni hata akawasili Lushoto, akiulizwa yuko wapi hujibu kwa neno moja, «mlimani», wala hapana msikilizaji atakayemtaka ziada. Lakini akitaka kuyasema hayo kwa Kiingereza hana budi kuchagua, maana nyumba iliyojengwa mgongoni mwa mlima mmoja iko «on the mountain», na mji wa Lushoto, uliozungukwa na vilele, uko «in the Usambara Mountains», na kituo alichoshukia, kikiwa kama nukta tu safarini, hupewa «at».

Wanafunzi aghalabu huambiwa kwamba Kiswahili hakina tofauti hizi, nami naiona kauli hiyo kuwa ni dhuluma kwa lugha yetu. Tofauti tunayo, ila haikai katika jina, hukaa katika upatanisho unaolifuata: msituni Magamba mna mbega, yaani ndani, msituni pana kibanda, mahali maalumu, msituni kuna baridi, eneo zima lisilo mpaka. Mna ni jirani wa «in», pana ni jirani wa «at», na mwanafunzi anayejizoesha kuiuliza nafsi yake angetumia upatanisho upi amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Nusu iliyobaki ni «on», isiyo na upatanisho wake kwetu. Wengi huifasiri «juu ya», na fasiri hiyo huwapoteza, kwani nzi aliyeshika dari, ijapokuwa yu chini yake, kwa Mwingereza yu «on the ceiling»: linalotakiwa ni mgusano wa kitu na uso wa kitu kingine, si kimo. Katika wakati nako desturi ina nguvu: taasisi ya utafiti iliyoasisiwa na Wajerumani huko Amani iliasisiwa «in 1902», mwaka ukihesabiwa kama chombo chenye matukio ndani yake, bali siku ya Jumatatu hupewa «on».

Vitenzi vina taabu iliyofichika zaidi, kwa sababu Kiswahili hukiweka kihusishi tumboni mwa kitenzi. Katika «namngojea ndugu yangu», ile -ea ya mwisho ndiyo «for» yenyewe. Basi kijana asimamaye stendi ya Mombo akatamka «I am waiting my brother» hakulisahau lile «for», bali ameliacha ndani ya kitenzi cha Kiswahili, mahali alipozoea kulikuta tangu utotoni.