Mtambo wa kuchoronga si mgodi

KILA anayeezeka nyumba kwa bati ananunua na zinki, kwani ndiyo hupakwa juu ya chuma kisishike kutu. Risasi, ambayo mara nyingi hukaa na zinki katika mwamba mmoja, huenda kwenye betri za magari. Madini hayo hutafutwa kwa uchorongaji wa almasi.

Jina hilo huwachanganya wengi. Inayotafutwa si almasi. Vipande vyake vidogo hupachikwa kwenye mdomo wa bomba la chuma kwa sababu ya ugumu wake. Bomba huzunguka kwa kasi, maji yakipoza mdomo huo, na ndani yake huingia mche wa mwamba wenye unene wa sentimita tano hivi. Mche hupangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina, kisha hupasuliwa: nusu hupelekwa maabara, nusu hutunzwa.

Tundu moja halitoshi. Linaweza kuyapita mashapo pembeni, au kugonga sehemu nono peke yake. Hivyo huchorongwa matundu mengi kwa vipimo, ili zijulikane tani za mawe na asilimia ya madini.

Mfano ni Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, Kongo. Mgodi huo ulianza mwaka 1924, ukatoa shaba, zinki na risasi kidogo, ukasimama mwaka 1993. Uchorongaji mpya ulianza huko chini mwaka 2014. Mwaka 2016 zikatangazwa tani milioni 10.2 za mawe yenye zinki karibu asilimia 35, kiwango kikubwa mno. Hata hivyo, uzalishaji mpya ulianza Juni 2024. Palipokuwa na utajiri huo, na mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, ilichukua miaka 10.

Mahali papya pana safari ndefu zaidi, na utafiti mwingi huishia bila mgodi. Mkulima asikimbilie kuuza shamba, wala mfanyabiashara asikope kujenga nyumba ya wageni, kwa kuuona mtambo tu.

La kufanya ni kuuliza kabla haujaingia shambani: mazao yatakayoharibika yatalipwa kiasi gani, maji yatachotwa wapi, na nani atafukia matundu na mashimo ya tope? Majibu yawekwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mwenye shamba.