Usingizi mzito wa kompyuta

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kuchomolewa kwenye umeme, betri nayo ikatolewa, ikakaa kabatini wiki nzima, na siku ukiiwasha ukaikuta barua yako pale pale ulipoiachia, hata neno likiwa nusu? Linux ina uwezo huo kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Wengi hawautumii, kwa sababu siku waliyoujaribu mashine iliamka haikumbuki kitu.

Hapa Moshi ulistahili kuzoeleka. Stesheneri nyingi zinaendeshwa kwa kompyuta za mtumba, na betri ya mtumba ikikupa dakika kumi shukuru. Umeme ukikatika wakati mteja yuko kaunta anasubiri barua yake ya maombi ya kazi, kufunga kifuniko ili mashine ilale hakusaidii kitu. Huo ni usingizi mwepesi: RAM, kumbukumbu ya ndani, inaendelea kula umeme, na betri ikikata roho, barua nayo imekwenda. Katika usingizi mzito, kerneli, yaani kiini cha Linux, inanakili yaliyomo kwenye RAM, inayaandika diskini, halafu mashine inazimika kabisa.

Inayaandika kwenye swapu, sehemu ya diski iliyotengwa kuipokea RAM mzigo unapozidi. Wazo la kuiunganisha kumbukumbu ya ndani na hifadhi ya nje zifanye kazi kama kitu kimoja lilitekelezwa kwenye kompyuta iitwayo Atlas, kazi ya Tom Kilburn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester. Ilizinduliwa Desemba 7, 1962, siku mbili kabla ya Tanganyika kuwa jamhuri. Enzi hizo hifadhi yenyewe ilikuwa silinda za sumaku zinazozunguka.

Aliyekulia Marangu au Old Moshi kando ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, hana haja ya maelezo marefu kuhusu swapu. Maji ya usiku yanakusanywa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo, asubuhi yanafunguliwa kwenda migombani. Nduwa ikiwa ndogo, yanafurika, na swapu ni hivyo hivyo. Tangu toleo la 17.04, Ubuntu hutengeneza faili la swapu badala ya kukata kipande cha diski, na mara nyingi faili hilo huwa la GB 2 tu, kwenye mashine yenye RAM ya GB 8. Kerneli hujitahidi kuibana nakala yake ifikie kama sehemu mbili kwa tano za RAM. Ndiyo maana swapu ndogo hufaulu siku uliyofungua barua moja, ikakwama siku uliyofungua kivinjari chenye kurasa thelathini. Kwa mashine ya GB 8, mimi ningeweka GB 10 nikapumzika.

Kuikuza si kazi kubwa. Funga programu nzito kwanza, kwa sababu swapu ikizimwa kila kilichomo kinarudishwa kwenye RAM. Kisha, kwenye diski yenye mfumo wa faili wa ext4:

sudo swapoff /swapfile
sudo fallocate -l 10G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo wanapokosea. Mashine inapowaka inahitaji kuambiwa nakala iko wapi: kipande kipi cha diski, na faili la swapu linaanzia wapi ndani yake. Kwenye mpangilio wa GRUB, programu inayoiwasha kerneli, maelekezo hayo huandikwa resume=UUID=, ikifuatiwa na utambulisho wa kipande hicho cha diski, kisha resume_offset=, ikifuatiwa na namba. Namba hiyo unaipata kwa sudo filefrag -v /swapfile: mstari wa kwanza, safu ya physical_offset, namba ya mwanzo. Ukimaliza, endesha sudo update-grub.

Ukilifuta faili na kuliunda upya, huenda likakaa kwingine diskini na namba ikabadilika. Ya zamani ikibaki kwenye GRUB, kompyuta italala vizuri tu na nakala itaandikwa yote. Asubuhi itachungulia mahali pasipo na kitu, kisha itawaka upya kama kawaida. Mwenyewe atalaumu udogo wa swapu, ataliunda faili upya kwa mara nyingine, na namba itahama tena.

Kuna vizuizi viwili visivyohusu ukubwa. Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, kerneli nyingi hukataa usingizi mzito kwa sababu za usalama. Na zram, ambayo Fedora huitumia tangu toleo la 33, ni swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe. Umeme ukizimwa nayo inafutika, kwa hiyo haifai kwa kazi hii.

Jaribu kwa sudo systemctl hibernate ukiwa umefungua kitu kisicho na thamani. Ikigoma kulala, angalia ukubwa wa swapu na Secure Boot. Ikilala kisha ikaamka tupu, iache swapu ilivyo na uende moja kwa moja kwenye ile namba.