Kwa nini simu inamshindwa chozi wa Kisondela, na picha moja safi ina thamani gani

Asubuhi kwenye migomba ya Kisondela, wilayani Rungwe, chozi hutua kwenye ua la mgomba. Anaingiza mdomo wake mwembamba uliopinda, ananyonya maji matamu, halafu huyoo, kaondoka. Aliyetoa simu mfukoni na kupiga picha kumi haraka haraka akizifungua anakuta doa. Rangi inaonekana kwa mbali, ndege mwenyewe hayupo.

Sio kwamba simu ni mbovu. Lenzi kuu ya simu imetengenezwa ili ione eneo pana: harusi, mtaa, uso wa mtu aliye karibu. Mtu akivuta kwa vidole ili kumsogeza ndege, mara nyingi simu inakata kipande cha picha na kukitanua tu. Ndege mdogo kama chozi akiwa mita nane, kipande hicho kinabaki na nukta chache mno za kuchora manyoya.

Ndiyo maana wapenzi wa ndege wengi siku hizi wanahamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zile ambazo vijana wa studio wanaziita mirolesi.

Kioo kilikuwa na kazi gani?

Kwenye kamera kubwa za zamani, mwanga ukipita kwenye lenzi uligonga kioo kilichoupeleka juu kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo kinanyanyuka kwa mlio, mwanga unafika kwenye sensa, kioo kinarudi. Mlio huo mtu anauzoea, lakini ndege aliye mita tano anageuka, na picha ya pili ni ya mgongo wake.

Bila kioo, mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa muda wote. Hapo faida ni tatu. Kwanza, kamera inaweza kupiga kimya kabisa. Pili, mpigaji anaona kwenye kioneo jinsi picha itakavyotoka, ikiwa giza au nyeupe kupita kiasi, kabla hajabonyeza. Tatu, na hii ndiyo iliyobadilisha mambo, kompyuta ya kamera inamwona ndege kila wakati na inaweza kulitafuta jicho lake yenyewe. Canon EOS R5, iliyotoka 2020, ilikuja na uwezo wa kutambua mbwa, paka na ndege, na sasa kampuni nyingine kubwa nazo zina mifumo kama hiyo.

Hasara zipo pia. Betri inaisha haraka kuliko kwenye kamera ya kioo, kwa hiyo mtu anabeba mbili au tatu. Na ile njia ya kupiga kimya, kwenye kamera nyingi za bei ya kati, husoma picha mstari kwa mstari, hivyo bawa la ndege anayeruka linaweza kutoka limepinda kama jani lililoungua. Kwa ndege aliyetua, kimya ni sawa. Kwa anayeruka, bora ule mlio.

Majani ya migomba nayo yanaisumbua kamera. Jani likiwa mbele ya ndege, kamera inaweza kushika jani na kumwacha ndege na ukungu wake. Dawa ni kuacha ile fokasi ya eneo zima na kutumia nukta moja ndogo, ipenyezwe katikati ya majani mpaka kwenye kichwa cha ndege.

Milimita sio kila kitu

Wengi wakisikia lenzi ndefu wanauliza milimita ngapi. Kwa ndege, 400 ni mwanzo mzuri. Kamera yenye sensa ndogo ya aina ya APS-C inakata kingo za picha, kwa hiyo lenzi ya 400 inamleta ndege karibu sawa na 600 kwenye sensa kubwa. Kwa mwenye bajeti ya kawaida hiyo ni nafuu ya kweli. Mwenye lenzi ya zamani ya kamera ya kioo naye asiitupe, kwa sababu adapta inaweza kuifunga kwenye kamera mpya.

Ila Rungwe si Serengeti. Huku mawingu ni mengi, na baadhi ya miteremko ya Mlima Rungwe hupata mvua inayofika milimita 3,000 kwa mwaka. Swali la kwanza huku liwe mwanga.

Tuchukue mfano wa Canon RF 600mm f/11, nayo ya 2020. Haifiki hata kilo moja, na kwa lenzi ya 600 bei yake ni ya chini. Kwenye uwanda wenye jua inafanya kazi vizuri tu. Lakini tundu lake la f/11 linapitisha robo ya mwanga unaopita kwenye f/5.6. Msituni, pale ambapo mwenye f/5.6 anapiga kwa ISO 3,200, mwenye f/11 kwa kasi ile ile anahitaji ISO 12,800, na picha inajaa chenga. Tena haishiki kitu kilicho chini ya mita 4.5. Chozi akija kwenye ua la mgomba lililo mbele yako, itabidi urudi nyuma, na nyuma pengine ni mtaro.

Kasi nayo ina hesabu yake. Ndege aliyetulia, 1/500 ya sekunde inatosha. Anayeruka, angalau 1/2000. Hondohondo mweusi akiwa juu ya mti na mawingu meupe nyuma yake, kamera inadanganyika na kumtoa kama kivuli, hivyo mwanga uongezwe hatua moja au zaidi hata kama mawingu yatapotelea kwenye weupe.

Halafu unyevu. Kamera iliyoshinda kwenye baridi ya juu ikishuka Kyela kwenye joto, inatoka jasho. Iachwe ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, na begi liwe na vipakiti vya kukausha unyevu. Ukungu ukishaota ndani ya lenzi, kuutoa ni gharama.

Picha iliyompa mnyama jina

Ni katika milima hii hii ambako picha ilifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na ngozi na mifupa.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji Wanyakyusa kuhusu Mlima Rungwe, ulio kaskazini ya Tukuyu, walitajiwa nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Wenyeji walikuwa na jina lake, sayansi haikuwa nalo. Kumwona vizuri kulichukua miezi, maana msitu ni mzito na mnyama mwenyewe hakai akangoja wageni. Ilipofika Desemba mwaka huo ndipo ilipokuwa wazi kwamba ni aina isiyojulikana. Mwaka 2004 timu nyingine ikamkuta Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa.

Mei 2005 alitangazwa kwenye jarida la Science. Miongoni mwa walioandika walikuwa Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Hapakuwa na mfu wa kuweka makumbusho, na kwa mnyama adimu namna hii hakuna aliyetaka kuua mmoja kwa ajili ya karatasi. Kielelezo rasmi cha aina hiyo kikawa dume lililopigwa picha Ndundulu. Baadhi ya wanasayansi walilalamika kwamba picha haitoshi. Baadaye kipunji mmoja alinaswa akafa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe, na uchunguzi wa mwili wake ndio uliosaidia mwaka 2006 kumpa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu.

Kwa hiyo picha safi yenye tarehe na mahali ni ushahidi, hata ikipigwa na mtu ambaye si mtaalamu. Kuipata kuna adabu zake. Shambani mtu anapiga hodi na kusalimia kwanza, "Ugonile", kabla ya kuelekeza lenzi kwenye migomba ya watu. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi chini ya TFS, unaingia kwa kibali. Kiota kinapigwa kwa mbali au kinaachwa, kwa sababu majani yakifyekwa ili picha itoke vizuri, mwewe naye anaona vizuri.

Picha ya mnyama adimu inayopandishwa mitandaoni ifutwe kwanza alama ya mahali, maana wenye mitego nao wana simu. Ila inayokwenda kwa mtafiti inatakiwa iwe na kila kitu, na hapo wengi wanakosea: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ubora na taarifa za tarehe na mahali zinaondolewa. Itumwe kama dokyumenti.