Mshauri wa Fedha Analipwa na Nani?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu tatu. Juma lililopita tulijifunza kuandika mapato na matumizi ya nyumba. Leo tutaingia katika ofisi ya kampuni inayotoa ushauri wa fedha, tuone watu wa humo wanafanya kazi gani toka asubuhi hata jioni.

Labda mwanafunzi mmoja atauliza, "Mambo hayo yanihusu nini, nami sina fedha za kushauriwa?" Swali zuri. Jibu ni hili: huenda siku moja ukapata fedha nyingi kwa mara moja. Utauza korosho, au utalipwa fidia ya shamba, au utastaafu na kupewa kiinua mgongo. Siku hiyo washauri watakuja wenyewe mlangoni, wenye leseni na wasio na leseni. Afadhali uijue kazi yao kabla hawajapiga hodi.

Mimi nilipata ruhusa ya kukaa siku tatu katika ofisi moja ya namna hiyo, hapa Dar es Salaam. Nilipewa sharti moja: nisitaje jina la kampuni wala la mteja yeyote. Sharti hilo lenyewe ni fundisho la kwanza. Mshauri wa fedha ni mtunza siri. Huenda akajua deni la mteja ambalo hata mkewe halijui. Akitoka ofisini hana ruhusa ya kusema neno.

Nilidhani nitaona fedha nyingi ofisini. Sikuona hata noti moja. Fedha za wateja ziko benki; pale pana meza, kompyuta, makabati ya mafaili, na birika la chai. Saa mbili asubuhi kila mtu anasoma. Wanasoma bei za hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Wanasoma pia habari za hati fungani za serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada. Hati fungani ni karatasi ya deni: wewe unaikopesha serikali fedha, nayo inakulipa riba kila miezi sita, kisha mwisho wa muda inakurudishia fedha yako.

Kijana anayeanza kazi hapewi mteja. Anapewa mafaili. Analinganisha tarakimu, mstari kwa mstari, kwa sababu sifuri moja ikipotea, milioni kumi inakuwa milioni moja. Jioni wenzake wakienda nyumbani, yeye anabaki akisomea mitihani. Kazi hii si ya haraka.

Saa nne aliingia mama mmoja, nesi mstaafu mwenye umri wa miaka 60. Alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Mshauri, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida zangu."

Mama alikubali mimi niketi pembeni nisikilize. Nilitazamia kijana aanze kueleza habari za hisa na riba. Hakufanya hivyo. Kwa muda wa saa nzima alikuwa akiuliza tu. Nani wanamtegemea mama? Nyumba ni yake? Paa linavuja? Ana deni? Akiugua nani atamsaidia? Mama aliona haya kidogo kusema kwamba mwanawe amekwisha kumwomba fedha za kununua gari. Kijana alinyamaza, akangoja, mpaka mama akasema yote. Basi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mshauri: kusikiliza.

Sasa shikeni kalamu. Hesabu ya kwanza. Mama alikuwa na kiinua mgongo cha Sh. 24,000,000. Pensheni yake ya kila mwezi ilikuwa ndogo, kwa hiyo alitaka kuongezea Sh. 500,000 kila mwezi kutoka katika fedha hizo. Gawanyeni 24,000,000 kwa 500,000. Mmepata 48? Vema. Miezi 48 ni miaka minne. Mama akifika umri wa miaka 64, fedha zimekwisha. Aliposikia hivyo aliweka bahasha mezani akakaa kimya.

Kisha akatoa jambo alilolijia hasa. Jirani amemwambia kwamba kuna kikundi. Ukipeleka milioni tano leo, baada ya miezi mitatu unapewa milioni kumi.

Hesabu ya pili. Kama milioni tano zinakuwa kumi kwa miezi mitatu, basi baada ya miezi sita ni ishirini, baada ya miezi tisa ni arobaini, na baada ya mwaka mmoja ni milioni themanini. Kijana alimwuliza, "Mama, wanafanya biashara gani inayozaa hivyo?" Mama hakujua. Jirani naye hakujua. Ukweli ni kwamba vikundi vya namna hiyo havina biashara. Wa kwanza wanalipwa fedha za wanaofuata, na wageni wakipungua, wa mwisho hawapati kitu. Mwaka 2009 hapa Tanzania upatu uliojulikana kwa jina la DECI ulisimamishwa na serikali, na watu wengi waliachwa wakidai fedha zao.

Ushauri wa kijana ulikuwa mfupi. Kwanza, tengeneza paa. Pili, weka benki fedha za matumizi ya miezi sita. Tatu, sehemu kubwa ya zilizobaki ununue hati fungani, utumie riba bila kula mtaji. Lakini ujue kwamba ukitaka kuziuza kabla ya muda wake, huenda bei ikawa chini. Nne, punguza kile kiasi cha kila mwezi. Kisha akasema, "Usitie sahihi leo, mama. Rudi nyumbani, uzungumze na wanao, uje juma lijalo." Mama alilipa ada yake, akapewa risiti, akaenda.

Wakati wa chakula nilimsifu yule kijana. Yeye hakufurahi. Aliniambia kwamba pale alipofanya kazi mwanzo hakulipwa kwa ushauri. Alilipwa kamisheni, yaani fungu la fedha kwa kila kitu alichouza.

Hesabu ya tatu. Tuseme kamisheni ni shilingi tano katika kila mia, na mteja ana Sh. 24,000,000. Kamisheni ni kiasi gani? Ni Sh. 1,200,000. Sasa tuseme ada ya kukaa na mteja na kumshauri ni Sh. 100,000. Huu ni mfano wa kujifunzia tu, si bei ya kampuni yoyote. Lakini oneni tofauti! Yule wa kamisheni akimwambia mteja, "Usinunue, katengeneze paa kwanza," anapoteza mara kumi na mbili ya kile anachopata yule wa ada.

"Kila mwisho wa mwezi," kijana alisema, "meneja alituuliza tumeuza kiasi gani. Hakuuliza hata mara moja ni wateja wangapi tumewaambia wasinunue." Siku moja alimwuzia mzee mmoja bima ya muda mrefu. Mzee alilipa mwaka mmoja, mwaka wa pili akashindwa, akaivunja, akarudishiwa fedha kidogo sana. Hapakuwa na uongo. Kila kitu kiliandikwa katika mkataba. Lakini mzee hakuwa na mapato ya kulipa miaka yote hiyo, na kijana alilijua jambo hilo siku ile ile alipomtilia kalamu mkononi. "Bado nakutana naye njiani," alisema. "Hunisalimu vizuri. Hajui kwamba mimi najua."

Ndugu wanafunzi, sikusimulia hayo ili mwachukie washauri wa fedha. Wengi ni waaminifu, na yule mama angalipata hasara kubwa kama asingalikwenda pale. Lakini mtu mwema naye huvutwa na namna anavyolipwa. Ndiyo maana katika Uingereza, tangu mwisho wa mwaka 2012, washauri wa uwekezaji wa watu binafsi wamekatazwa kupokea kamisheni ya mapendekezo mapya kutoka kwa wenye bidhaa. Mteja mwenyewe ndiye alipaye ada.

Basi ukikutana na mshauri, muulize maswali matatu. La kwanza: Una leseni? Hapa Tanzania washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. La pili: Nikifuata ushauri wako, wewe unapata nini, na kutoka kwa nani? La tatu: Nikizitaka fedha zangu mwakani, nitarudishiwa kiasi gani? Mshauri mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, au akikuharakisha utie sahihi leo leo, chukua bahasha yako uende zako.

Na yule mama? Nilikuwa nimekwisha ondoka aliporudi juma la pili. Kijana alinipigia simu akasema neno moja tu, bila kutaja jina: "Paa limeezekwa."

Maneno ya kujifunza

Ada: malipo ya kazi au huduma.
Kamisheni: fungu analopewa muuzaji kwa kila kitu alichouza.
Mtaji: fedha ya msingi inayozaa fedha nyingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mshauri aliuliza habari za paa kabla ya habari za hati fungani?
2. Mtu ana Sh. 9,000,000 na anatumia Sh. 300,000 kila mwezi. Fedha zitamtosha miezi mingapi?
3. Je, yule kijana alimkosea mzee wa bima, ijapokuwa hakumdanganya? Kila mtu atoe sababu zake.

Tutakutana tena juma lijalo, saa hizi hizi. Kwaherini.