Maktaba uliyoiamini inafanya nini ndani ya apu yako?

IWAPO wewe ni kijana unayeunda apu, hebu fanya hesabu ndogo. Msimbo ulioandika kwa mikono yako una mistari mingapi? Elfu mbili? Elfu tatu? Sasa fungua folda ya node_modules. Humo utakuta mamia ya vifurushi ambavyo hukuviandika, na vingi hata hukuvichagua. Vilikuja vimebebwa na vile ulivyochagua.

Vifurushi hivyo ndivyo wasanidi huita maktaba. Unataka kupanga tarehe? Kuna maktaba. Unataka kupunguza ukubwa wa picha, kuchora grafu au kutuma arafa? Zipo. Bila maktaba, apu ya wiki mbili ingekuchukua miaka miwili, kwa hivyo hakuna anayekuambia uache kuzitumia.

Shida ni kwamba maktaba ikishaingia ndani ya apu, kwa kawaida inapata kila ruhusa ambayo apu yenyewe inayo. Apu ikiruhusiwa kusoma majina na nambari kwenye simu ya mteja, maktaba ya matangazo iliyo ndani yake inaweza kuzisoma pia. Kama umehifadhi funguo zako za Daraja, zile za kupokea malipo ya M-Pesa, kwenye faili ya .env katika seva, hata kale kamaktaba ka kupaka maandishi rangi kanaweza kufungua faili hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye apu nguo zenyewe ulizivaa kwa hiari.

Soja wa getini hatoshi

Wengi hujilinda getini tu. Kabla ya kuingiza maktaba, unatazama ni watu wangapi wameipakua, ina nyota ngapi GitHub, na labda unaendesha npm audit kuona kama ina kasoro zinazojulikana. Hayo ni mazuri, endelea nayo. Lakini ni sawa na soja wa ploti anayeangalia kitambulisho cha fundi wa mabomba na kuandika jina lake kwenye daftari. Fundi akishapita geti, nani anajua kama ameenda jikoni alikoitwa ama amejipenyeza chumba cha kulala?

Kufuatilia maktaba zikiwa kazini ni kumtazama fundi huyo akiwa ndani ya nyumba. Kwanza unaandika sera, yaani orodha ya kile ambacho kila maktaba inaruhusiwa kufanya. Halafu unaweka mlinzi anayeangalia inachofanya hasa, dakika kwa dakika. Maktaba ikivuka mpaka, mlinzi anarekodi, anapiga kengele au anaizuia papo hapo.

Unashangaa kama kuna haja ya kujisumbua hivyo? Tazama yaliyotokea mwaka wa 2018.

Kifurushi kilichosubiri mwathiriwa wake

Kulikuwa na maktaba ya JavaScript kwa jina event-stream. Ilikuwa ikipakuliwa karibu mara milioni mbili kila wiki. Aliyeiunda, Dominic Tarr, alikuwa ameacha kuitumia na hakuwa analipwa chochote kuitunza. Mtu aliyejiita right9ctrl akamwandikia akiomba kuichukua aiendeleze. Tarr akampa. Si ajabu, kwenye programu huria watu hupokezana kazi hivyo kila siku.

Septemba 2018, mwenye maktaba mpya akaongeza kifurushi kidogo kilichoitwa flatmap-stream. Mwanzoni kilikuwa safi kabisa. Mapema Oktoba likatoka toleo jipya la kifurushi hicho, na ndani yake kulikuwa na msimbo uliofumbwa kwa siri.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Msimbo huo haungeweza kufumbuliwa popote pale. Ufunguo wake ulikuwa maelezo mafupi ya apu inayotumia maktaba hiyo, na maelezo yaliyofaa yalikuwa ya apu moja tu: Copay, pochi ya Bitcoin ya kampuni ya BitPay. Kwenye apu nyingine zote, kifurushi kilitulia kama maji mtungini. Ndani ya Copay kiliamka, kikaangalia salio, na iwapo pochi ilikuwa na zaidi ya Bitcoin 100 au Bitcoin Cash 1,000, kikachukua funguo za siri na kuzituma kwa seva ya mbali.

Sasa jiulize: ungekigunduaje getini? Majaribio yako yote yangepita bila noma, kwa sababu hukuwa unaunda Copay. Sifa za event-stream zilikuwa nzuri na nambari zake za upakuaji zilikuwa za kutamanisha.

Kilichomuumbua ni tabia. Wasanidi waliokuwa wakiendesha programu zao waliona onyo kwenye skrini likisema kuna kitu kinaita njia ya zamani ya kufumbua siri, njia ambayo imepitwa na wakati. Mbona maktaba ya kupitisha data inafumbua siri? Waliofuata swali hilo hadi mwisho walikipata kifurushi hicho Novemba 2018. Kwa maneno mengine, mwizi alipatikana kwa kutazamwa akiwa kazini, na tena kwa bahati.

Nusu sekunde iliyookoa seva

Bahati hiyo ilijirudia Machi 2024. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aligundua kwamba kuingia kwenye tarakilishi yake ya majaribio kupitia SSH kulikuwa kumeanza kujivuta: kutoka takriban sekunde 0.3 hadi sekunde 0.8. Nusu sekunde tu! Wengi wetu tungelaumu intaneti.

Freund alichimba hadi akafika kwenye xz, maktaba ya kubana faili inayopatikana kwenye mifumo mingi ya Linux. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri ambao ungempa mwenye ufunguo maalum uwezo wa kutoa amri kwenye seva ya mtu. Mlango huo uliwekwa na mchangiaji aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amejenga imani ya wenzake tangu 2021. Ulikuwa tayari umefika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Bila ile nusu sekunde, ungeweza kusambaa kwenye seva nyingi mno duniani.

Si lazima maktaba iwe na nia mbaya ndipo ikuletee balaa. Desemba 2021, ulimwengu uligundua kasoro kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio. Mtu akituma maneno fulani, kwa mfano kwenye gumzo la mchezo wa Minecraft, maktaba ingeyaandika, kisha ingetoka yenyewe kwenda kuleta msimbo kutoka kwa seva ya mbali na kuuendesha. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kwa 10 za hatari. Lakini tafakari: daftari la kumbukumbu lina shughuli gani na seva usiyoijua? Sera ya mstari mmoja inayokataza seva yako kuzungumza na seva zisizo kwenye orodha ingezima mashambulizi mengi ya aina hiyo, hata kabla kasoro haijajulikana.

Sera inaandikwaje?

Usiogope neno sera. Chukua mfano wa apu ya duka la nguo mtandaoni. Maktaba ya malipo inaruhusiwa kuzungumza na api.safaricom.co.ke pekee. Maktaba ya picha inaruhusiwa kusoma na kuandika kwenye folda ya picha pekee. Maktaba ya tarehe haina ruhusa ya intaneti wala faili. Na hakuna maktaba yoyote inayoruhusiwa kuanzisha programu nyingine kwenye seva. Hiyo tayari ni sera.

Mlinzi anaweza kukaa mahali patatu.

Pa kwanza ni kwenye mazingira yanayoendesha programu. Ukitumia Deno, programu haianzi na ruhusa yoyote ya faili au intaneti hadi uitaje. Unaandika --allow-net=api.safaricom.co.ke, na ikijaribu kwenda kwingine inagonga mwamba. Node nayo ilianza kuleta mfumo wa ruhusa kwenye toleo la 20, mwaka wa 2023. Kasoro ya njia hii ni kwamba ruhusa hutolewa kwa programu nzima. Ukifungulia maktaba ya malipo, umezifungulia zote.

Pa pili ni katikati ya maktaba zenyewe. Waliounda pochi ya MetaMask wana zana inayoitwa LavaMoat, ambayo huweka sera kwa kila kifurushi peke yake. Inachunguza kila kifurushi kinahitaji nini na kukuandikia faili ya sera uipitie. Toleo jipya la maktaba ya tarehe likianza ghafla kudai intaneti, utaliona dai hilo kabla hujalikubali. Kwenye Android, kuanzia toleo la 11, msanidi anaweza kuomba mfumo umjulishe kila mara data ya siri kama vile mahali alipo mtumiaji inaposomwa, pamoja na njia iliyofuatwa hadi hapo. Ukiifuata njia hiyo utajua kama ni msimbo wako uliosoma ama ni maktaba uliyoalika.

Pa tatu ni chini kabisa, kwenye mfumo endeshi. Maktaba ikitaka kufungua faili au kupiga simu kwa seva ya mbali, lazima ipitie kwenye kiini cha Linux. Zana kama Falco husikiliza hapo na kupiga kengele kitu kisicho cha kawaida kikitokea. Kwa kuanza tu, strace ambayo ni ya bure itakuonyesha kila faili na kila seva ambayo programu yako inagusa.

Isichoweza kufanya

Tusidanganyane, mlinzi huyu hana macho kila upande. Aliye chini kwenye mfumo endeshi anaona programu imefungua faili, lakini mara nyingi hajui ni maktaba gani kati ya mamia iliyoagiza. Aliye juu, katikati ya maktaba, anajua ni nani, lakini msimbo unaoendeshwa moja kwa moja na mashine unaweza kumzunguka. Ndiyo maana ni vyema kuweka wote wawili.

Mlinzi pia hupunguza kasi, na akiwa mkali kupita kiasi atapiga kengele kila saa hadi uizime kwa hasira. Sera nzuri ni fupi, na huanza kwa kurekodi tu kabla ya kuanza kuzuia.

La mwisho, usimweke kwenye majaribio pekee. Kifurushi cha Copay kilinyamaza kimya kwenye apu zisizokuwa zake. Ulinzi wa kweli uko pale wateja walipo.

Sheria haitakubali kisingizio

Pengine unasema apu yako ni ndogo, ina wateja mia moja tu, wa nini haya yote? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutazama wewe unayeamua data ya wateja itumike vipi. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu. Faini yaweza kufika Sh5 milioni, au kwa kampuni asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiasi chochote kilicho kidogo. Kusema "ni maktaba, si mimi" hakumrudishii mteja data yake.

Na bila kumbukumbu za maktaba zilifanya nini, utamweleza nini Kamishna? Utajuaje ni wateja kumi walioguswa ama wote mia?

Anza na haya

Kama ni msanidi, jioni ya leo chagua mradi mmoja. Uendeshe chini ya strace au Deno kwa dakika kumi na uandike seva zote ulizoona zikiguswa. Kila jina usiloweza kulieleza, lifuatilie hadi ujue ni la nani. Orodha itakayobaki ndiyo sera yako ya kwanza.

Kama wewe ni mtumiaji tu, simu yako pia ina mlinzi wake. Kwenye Android 12 kwenda juu, ingia kwenye mipangilio, kisha faragha, utafute dashibodi ya faragha. Itakuonyesha ni apu gani zilizogusa kamera, kinasa sauti na mahali ulipo, na saa ngapi. Kwenye iPhone, washa ripoti ya faragha ya apu, nayo itakutajia hata seva ambazo kila apu imewasiliana nazo. Ukikuta apu ya tochi ilitafuta mahali ulipo saa tisa usiku, huhitaji digrii ya tarakilishi kujua la kufanya.